Mteremko Hauungui

Wewe, ukiambiwa leo uchague kati ya nyumba nzuri na mteremko, utachagua nini?

Usikimbilie kujibu. Garama Munga alichagua mteremko, akahamia na mke na masufuria. Chumba chake kiko Junda, juu kabisa pale barabara inapoanza kuinama kuelekea mikokoni. Paa linavuja juu ya kitanda, mlango unafungwa kwa kamba, na mwenye nyumba amenuna tangu azaliwe. Si mbali na hapo, kwenye tambarare, kuna vyumba vya saruji vyenye maji ya mfereji, na Purity, mkewe, alivitamani hadi akavijua kimoja kimoja kwa rangi za mapazia. Siku moja Garama alikubali kwenda kuvikagua. Hakutazama ukuta, hakutazama choo. Alitoa ndimu mfukoni, akaiweka chini mbele ya mlango, akachutama kuitazama. Ndimu haikubiringika. Akarudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba pale binadamu hawezi kuishi.

Sababu ni kwamba pikapu yake haina stata.

Kwa aliyezoea magari ya siku hizi, yanayoamka kwa kubonyezwa kama kengele ya mlango, inafaa aelezwe. Gari la gia lisilo na stata huwashwa kwa kuteremshwa. Unafungua swichi, unakanyaga klachi, unatia gia ya pili, mwenzako anaondoa jiwe lililozuia gurudumu, na gari linaanza kujiendea. Likishapata mwendo unaiachia klachi kwa ghafla, na injini inazinduka kama mtu aliyemwagiwa maji usingizini. Ni elimu ndogo, lakini inataka kitu kimoja kisichouzwa dukani, nacho ni mlima.

Watu walioshiba humwuliza kwa nini hanunui stata. Alinunua. Ya kwanza iliungua. Ya pili iliungua. Ya tatu aliifunga fundi Hashim wa Kisauni, akaapa wallahi hii itamzika mwenye gari na gari lenyewe, nayo ikaungua kabla fundi hajamaliza kunawa mikono. Siku hiyo Garama alifikia kauli ambayo hajaibadilisha: stata huungua, mteremko hauungui.

Basi maisha yake yote yakapanda kilimani. Wachuuzi wa mihogo na madafu waliompa mizigo ya soko la Kongowea walijifunza kuileta mwinukoni wenyewe. Kinyozi wake ni yule wa juu, asiyejua kunyoa, ndiyo maana kichwa cha Garama kina ngazi. Hata kanisa alihama. Wachungaji wawili walishindana sana juu ya fundisho lililomvuta, huyu akisema ni ubatizo, yule akisema ni kurudi kwa Bwana, na hakuna aliyegundua kwamba kanisa la zamani lilikuwa bondeni na jipya liko kileleni.

Mahali pamoja tu palimshinda, napo ni ukweni.

Kwa wazazi wa Purity, Mwakirunge, unapanda mlima mkali unaopita mlangoni mwa timbo la kuchongea mawe ya kujengea, halafu ukifika juu ardhi inalala kama mkeka. Uwanja wa mzee Ziro ni wa namna ambayo ukimwaga maji, yanasimama kukuuliza yaende wapi. Siku Garama alipokwenda kujitambulisha, kabla hajaamkia mtu, aliweka ndimu yake chini katikati ya uwanja, akachutama, midomo ikimchezacheza kwa wasiwasi. Kwake ilikuwa kawaida ya kazi. Kwa mzee Ziro, na kwa ndugu yake mdogo, mzee Kaingu, kijana mgeni anayeingia boma la watu akaweka ndimu chini na kuinong'oneza ana jina lake, na jina hilo si mkwe. Purity alieleza kuwa mwenzake anapima mteremko. Aliulizwa tangu lini mteremko ukapimwa kwa ndimu.

Kilichofuata hakikusaidia. Jioni ilipofika gari halikuwaka, kwa kuwa halikuwa na pa kuteremkia, na wazee waliovaa nguo za kupokelea wageni wakalisukuma hadi ukingo wa mlima. Mzee Ziro alisukuma kuwashinda wote, maana hakutaka lilale kwake. Alipoteza kiatu kimoja matopeni. Gari lilipozinduka na kupotea, alisimama na mguu mmoja mtupu akasema, "Mkwe huja kuomba mke. Huyu kaja kuomba wasukumaji. Hilo gari sitalipanda hata nikifa."

Hata hivyo mzee alimwoza binti, kwa sababu Purity alikuwa ameshakata shauri, na mama Nyamvula, mama yake, alikuwa amelikata kabla yake. Lakini Garama hakuwahi kulala ukweni. Alikuja akaacha injini inanguruma uwanjani, akala ugali sikio moja likiwa kwenye gari, akaaga. Watoto wawili walizaliwa kwa mtindo huo. Kule juu walisema mkwe asiyelala ukweni bado si mkwe, ni mgeni tu aliyezaa. Neno hilo lilimfikia Garama, likamkaa kifuani kama mfupa wa samaki.

Kisha mzee Ziro akafa, katika mwezi wa mvua.

Gari la kukodi lilimtoa mochari vizuri. Lilipofika pale lami inapokwisha, dereva aliitazama barabara ya Mwakirunge, akawapa pole wafiwa, akawashushia jeneza kwenye baraza la duka la mbegu, akageuza. Barabara hiyo imetiwa lami mara nyingi, zote kwenye mabango ya uchaguzi. Takataka za mji mzima huipanda kila siku kwenda jaani, zimekaa juu ya malori yenye matairi mapya. Lakini mzee aliyechonga mawe ya nyumba za huo mji alikuwa amelazwa kati ya magunia ya mbegu za mahindi, anangoja nani atamfikisha kwake. Mtu akilitafakari jambo hilo bila kukasirika, basi naye amekwisha kufa, amesahau tu kulala.

Gari lililokuwa tayari kupanda lilikuwa moja. Garama alikuwa ameliegesha mwinukoni, nyuma ya duka, na jiwe lake chini ya gurudumu.

Mzee Kaingu, ambaye sasa ndiye alikuwa mkubwa wa ukoo, alilizunguka lile gari kama anayenunua ng'ombe. Nyuma yake, mwenye gari wa zamani alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: SIRUDI NYUMA. Kaingu aliyasoma maneno hayo herufi kwa herufi. Katika ukoo wao, jeneza likishaelekea kaburini halirudi nyuma hata shibiri. Likirudi, limerudi kumchukua mwingine. Akasema kwa kuwa gari limejiapiza lenyewe, basi na libebe. Halafu akamgeukia Garama.

"Likirudi nyuma, kijana, usitie mguu kwetu. Shika njia ya kwenu. Na Purity tutabaki naye."

Garama alijibu kwamba amesikia. Akaomba jambo moja tu, kwamba wakishaanza mlima wasisimame. Wote wakakubali, Kaingu akiwa wa kwanza kuitikia, na gari likateremshwa, likazinduka, likaelekea Mwakirunge na maiti, mjane, Purity na lile jiwe, wanawake kadhaa wakiimba nyuma, na Kaingu mbele kando ya dereva. Wengine walifuata kwa bodaboda na kwa miguu.

Mlima ulipandwa vizuri hadi mlangoni mwa timbo. Hapo wachongaji walikuwa wametoka, weupe kwa vumbi kutoka nyusi hadi vidole, wamesimama kando ya njia na nyundo mikononi kumuaga mwenzao. Kaingu alipowaona akasema simama.

Garama alimkumbusha ahadi. Kaingu akamwuliza kama marehemu ni abiria wa kupitishwa kituo chake. Ndugu yake alitoka jasho mahali hapa tangu hajaoa, atawaaga. Na katikati ya mwinuko ule, gari lisilo na stata wala breki ya mkono likasimama.

Lilisimama bila kuzimika, na hiyo ni kazi. Mguu wa kushoto wa Garama uliiachia klachi nusu, mguu wa kulia ukakanyaga mafuta kidogo, gari likaning'inia pale halipandi halishuki, kama mtu aliyeshikwa ukosi. Dereva mzuri anaweza kulishikilia hivyo kwa muda wa salamu. Kaingu alishuka akatoa hotuba. Alianza na babu yao. Alipofika jiwe la kwanza alilochonga marehemu, goti la Garama lilikuwa linatetemeka. Alipofika mawe ya shule, klachi ilianza kutoa moshi, na wanawake wa nyuma, walipousikia ule mnuko, walidhani mtu mwenye heshima zake amefukiza ubani. Garama alimwita mzee kwa adabu. Kaingu aliinua kiganja kumnyamazisha, akaendelea na mawe ya kanisa. Hapo injini ikakohoa mara moja, ikafa kabla hotuba haijaisha.

Purity alikuwa ameruka chini zamani. Jiwe lilikuwa chini ya gurudumu kabla mtu mwingine hajaelewa kitu. Gari halikurudi hata upana wa kidole. Lakini pia halikuwa na namna ya kwenda.

Wachongaji walilisukuma. Miguu iliteleza kwenye tope, gari likapanda kiasi cha pua ya mtu, na kila walipovuta pumzi likataka kurudi, Purity akilifuatafuata na jiwe kwa magoti. Nyuma yao likatokea lori la taka, limejaa hadi kizibo. Dereva wake, Kefa, mtu wa bara, alipiga honi, kisha akaona jeneza, akavua kofia, akashuka kuulizia. Alisema anaweza kulisukuma kwa bampa yake. "Pole pole, mzee. Hata yeye mwenyewe hatashtuka."

Kaingu alimjibu kuwa ndugu yake hatafika kaburini amesukumwa mgongoni na taka za watu. Kefa hakuudhika. Alisema tu kwamba katika mlima huu wote ni hizo taka peke yake ambazo gari lake linawaka.

Garama akaona bora aseme ukweli. Alisema iko njia moja: gari liachwe lishuke kinyumenyume, litiwe gia ya rivasi, liwake huko huko likishuka. Kila mtu alimtazama Kaingu, na Kaingu akamtazama Purity, kama anayekagua mali aliyokwisha kurudishiwa.

Mchongaji mmoja ndiye aliyefungua mjadala. Aliuliza, je, jeneza likigeuzwa, kichwa kikaelekea bondeni, gari likishuka kinyumenyume marehemu si atakuwa anakwenda mbele? Watu wakagawanyika. Wako waliosema mbele ni kule anakotazama mtu. Wako waliosema maiti hatazami, mbele ni kule liliko kaburi. Mwalimu wa kanisa akasema mbele za Bwana hakuna rivasi. Kaingu akamwambia alale yeye ndani ya sanduku wateremke naye kwanza, akirudi salama wataamini.

Mama Nyamvula alikuwa amekaa ukingoni mwa njia, kanga imemfunika hadi kidevu. Alifunua uso.

"Ziro alisema gari hili hatalipanda hata akifa," alisema. "Nyinyi mnashangaa nini? Mshusheni."

Ilikuwa rahisi hivyo, na hakuna mwanamume aliyekuwa ameifikiria. Jeneza lilishushwa, likainuliwa mabegani, uso ukielekea juu ya mlima, na wabebaji wakaamriwa wasisogee. Marehemu angesimama pale pale; gari lingekwenda linakotaka. Kaingu alitafuta kasoro akaikosa, ila alionya kwamba yeyote atakayeteremka kinyumenyume siku ya maziko, akiwa ndani ya gari lililobeba maiti, ajihesabu mwenyewe.

Garama aliingia garini. Akatoa kichwa nje akasema tope ni laini, pikapu tupu magurudumu yatateleza tu bila kuizungusha injini; unatakiwa uzito nyuma. Wachongaji wakainama kuokota mawe. Mama Nyamvula akawatangulia. Alishika ukingo, akapanda, akakaa pale pale jeneza lilipokuwa, na pikapu ikainama kwa heshima, kwa maana ni mama wa mwili.

"Kama kuna wa kumfuata Ziro, ni mimi," alimwambia shemeji yake. "Na mimi sina haraka."

Kefa alirudisha lori lake chini kuwapa nafasi. Purity alivuta jiwe.

Pikapu ilianza taratibu, kisha si taratibu. Garama alitazama nyuma, akamwona mama mkwe wake ameshika kilemba, na nyuma ya mama mkwe akaona sura ya lori la taka. Akaachia klachi. Magurudumu yakalia, yakateleza, injini ikaguna ikanyamaza. Lori lilizidi kukua. Kefa, ambaye maisha yake yote hakuwahi kurudi nyuma kwa kasi vile, alikuwa anarudi huku maganda ya ndizi yakiruka juu ya kichwa cha lori. Garama akaachia tena. Pikapu ikapiga chafya, ikatoa moshi mweusi, ikawaka.

Sasa ikabaki kazi yenyewe. Kisigino kikashika breki, vidole vya mguu huohuo vikatafuta mafuta, klachi iliyoungua ikaachiwa unywele kwa unywele. Gari lilitetemeka lote, likawaza, likapanda.

Na likishapanda halisimami. Garama alitoa mkono dirishani kuwaambia wabebaji wakimbie nalo. Kaingu alisema marehemu hafukuzi gari kama utingo, lakini gari lilikuwa limekwisha wapita, na wachongaji ni watu wa kazi, walilikimbiza na mzee wao mabegani. Mama Nyamvula alipiga magoti nyuma ya pikapu, akanyoosha mikono, akashika ncha ya sanduku.

"Ingia, mume wangu," alimwambia. "Ukaidi umetosha."

Liliingia. Kaingu ndiye aliyekuwa wa mwisho, amening'inia nyuma kwa vidole, miguu ikikokota tope, pua yake ikiwa imegusana na yale maandishi mekundu, na hivyo ndivyo mkubwa wa ukoo alivyopanda mlima.

Uwanjani Garama hakuweza kuzima. Jeneza liliposhushwa na kupelekwa kaburini, alibaki garini akilingurumisha kando ya banda, kama alivyozoea. Mwalimu wa kanisa alianza sala. Injini ikaimeza. Akapaza sauti, injini ikapaza zaidi. Watu wakaanza kugeuka. Garama alijua kwamba akizima hapa, kwenye ardhi hii ambayo hata maji hayajui yaende wapi, hatoki. Hakuna jiwe la kutoa, hakuna pa kuteremkia. Mizigo ya Kongowea itaoza. Alimwona Purity kando ya mama yake. Mkewe hakumwita, hakumwashiria, alimtazama tu.

Akazima.

Ukimya ulikuwa mkubwa hata kuku walisimama. Mwalimu wa kanisa, ambaye alikuwa bado anapiga kelele, alijisikia, akashusha sauti, akaanza sala upya. Zamu ya udongo ilipofika, Kaingu alimpa Garama sepetu, akiushika upande wa bati ili mkwe apate upande wa mpini. Matanga yakaanza. Garama alilala hapo, mkeka mmoja na shemeji zake.

Asubuhi iliyofuata aliamshwa na sauti ya sururu. Alitoka akidhani ni kaburi linatengenezwa. Nje, upande wa jikoni, lori la Kefa lilikuwa limekwisha mwaga kifusi cha timbo, na maganda ya ndizi mawili matatu ndani yake, na wachongaji walikuwa wanakirundika na kukishindilia, upande huu juu, upande ule chini, upana wa gari moja. Mama Nyamvula alikuwa amekaa kwenye kigoda kama inavyompasa mjane, hakuinua hata kokoto, ila mdomo wake haukupumzika: hapo pameinama kushoto, hapo ongezeni, mkwe wangu akiegesha asianguke jikoni kwangu. Kaingu alisimama kando, mikono nyuma, hasaidii.

Walipomaliza, mama Nyamvula alifungua fundo la kanga yake, akatoa ndimu.

"Shemeji," akasema, "iweke wewe."

Kaingu aliipokea kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika kaa la moto. Alipanda juu ya kile kilima kidogo, akainama, akaiachia. Ndimu ilisita, ikajigeuza, ikabiringika hadi chini, ikavuka uwanja, ikagonga gurudumu la pikapu ikatulia.

Mzee akashuka, akaiokota, akainusa. Akapanda tena kuiweka.